Chuma cha Buhaya: Neno la Mzee na Kipimo cha Mtaalamu

Mtu apitaye katika migomba ya Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, haendi mbali kabla ya kujikwaa juu ya bonge jeusi, zito, lenye vitundu vingi kama sifongo, na pengine lenye kung'aa upande mmoja mfano wa kioo. Mkulima hulikuta kwa jembe lake, akaling'oa na kulitupa mpakani mwa shamba. Hayo ndiyo yaitwayo mavi ya chuma, nalo ni jina la haki, kwa kuwa ni taka iliyobaki baada ya chuma kutolewa katika mawe. Kwa muda mrefu mabonge hayo hayakuwa na maana kwa watu waliopita shule. Wazee walijua yametoka wapi, lakini wazee hawakuulizwa.

Sababu ya kutoulizwa yafahamika. Mwaka 1963 Hugh Trevor-Roper, profesa wa historia katika Chuo Kikuu cha Oxford, alitamka kwamba Afrika haina historia ila ile ya Wazungu waliomo Afrika, na kwamba yaliyosalia ni giza tupu. Hakuwa peke yake. Elimu ya kikoloni ilikuwa imezoea kufundisha kwamba kila ufundi wenye kuhitaji akili ulizaliwa kaskazini, kisha ukateremka taratibu hadi kwetu. Chuma kilidhaniwa kuwa kimepitia Meroe, katika nchi ya Sudan. Wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kulijibu dai hilo katika miaka ya 1960, na kitabu kilichohaririwa na Isaria Kimambo na Arnold Temu mwaka 1969 kilikuwa tunda mojawapo la kazi hiyo. Lakini kujibu kwa hoja ni jambo moja, na kujibu kwa ushahidi uliochimbwa ardhini na kupimwa katika maabara ni jambo jingine. Katika insha hii nakusudia kueleza jinsi ushahidi wa namna hiyo ulivyopatikana Buhaya, na jinsi ulivyobishaniwa, maana yote mawili yafaa kujulikana na wanafunzi wetu.

Mwaka huohuo wa 1969 alifika Bukoba Mmarekani mmoja, Peter Schmidt, aliyekuwa akisomea elimu ya mambo ya kale. Swali alilokuja nalo halikuwa la chuma. Alitaka kujua kama masimulizi ya kimapokeo yaweza kumwongoza mchimbaji mahali pa kuchimba. Wachimbaji wengi wa siku hizo walitazama sura ya ardhi, wakaokota vigae juu ya udongo, wakaamua. Yeye aliketi kwanza na wazee akawasikiliza kwa miezi mingi. Ndipo alipoelezwa habari za Katuruka, kijiji kisicho mbali na Bukoba, palipokuwa na mahali patakatifu penye mti wa kale uitwao Kaiija, jina linaloshikamana na habari za uhunzi.

Masimulizi yalisema hivi. Mukama Rugomora Mahe, aliyetawala Kyamutwara katika karne ya 17, aliwaamuru wafua chuma wamjengee mnara mrefu wa chuma upate kufika mbinguni, ili aone kulivyo huko. Mnara ulipanda, kisha ukaanguka na kuua watu. Ulikuwa umesimama hapo penye Kaiija. Msomaji mwenye haraka atacheka, atakumbuka mnara wa Babeli, na kusema kwamba wazee waliusikia kwa wamisionari. Schmidt hakufanya haraka. Alichimba karibu na mti huo, na chini ya ardhi alikuta shimo la wahunzi lenye mkaa na masalia ya kazi ya chuma. Mkaa ule ulipopimwa haukuonyesha umri wa Rugomora Mahe wala wa babu zake. Ulionyesha umri wa karne kadhaa kabla ya kuzaliwa kwa Kristo.

Hapa ni lazima tusimame kidogo tueleze kipimo chenyewe. Kila kiumbe kilicho hai huingiza mwilini mwake kaboni, na sehemu ndogo sana ya kaboni hiyo ni ya aina ya 14, ambayo huoza polepole. Mti ukatwapo huacha kuingiza kaboni mpya, na ile ya aina ya 14 iliyomo hupungua nusu kila baada ya miaka 5730 hivi. Mtaalamu hupima kiasi kilichobaki katika mkaa, na kutokana nacho hupata umri wake. Lakini kinachopimwa ni umri wa mti, wala si umri wa moto. Mhunzi akichoma gogo la mti uliokwisha kuishi miaka 300, kipimo chaweza kumzeesha mhunzi huyo kwa miaka 300. Tena, kwa mkaa wa kati ya mwaka 800 na mwaka 400 kabla ya Kristo, hali ya kaboni hewani ilikuwa ya namna ambayo vipimo haviwezi kutenganisha karne moja na nyingine kwa uhakika. Kwa hiyo wako wataalamu waliozitilia shaka tarehe za awali kabisa za Katuruka, na shaka yao haikuwa ya dharau bali ya kisayansi. Lisilo na shaka ni kwamba watu wa magharibi ya ziwa walikuwa wafua chuma hodari mwanzoni mwa zama za Kikristo, na huenda karne kadhaa kabla ya hapo.

Je, masimulizi yalikosea kwa miaka elfu mbili? Schmidt aliyaeleza kwa njia nyingine, nami naona maelezo yake yana nguvu. Watu walikumbuka kwamba mahali pale ni pa chuma. Ukoo mpya wa watawala, Bahinda, ulipotaka kukubalika na wenyeji, ulipachukua mahali pale patakatifu pa zamani, ukapapachika jina la mfalme wao. Masimulizi yaliihifadhi ardhi kwa uaminifu. Aliyebadilika ni mwenye sifa. Mwalimu wa historia na alione jambo hili, kwa sababu mara nyingi tunawauliza wazee tarehe, ambayo si fani yao, na kusahau kuwauliza mahali.

Basi swali la chuma likawa kubwa. Chuma hicho kilifanywaje? Wakati huo kazi ya kuyeyusha mawe ya chuma ilikuwa imekoma Buhaya kwa zaidi ya nusu karne. Majembe na vyuma chakavu kutoka Ulaya vilikuwa vimeingia kwa wingi wakati wa Wajerumani na Waingereza, na hapakuwa na faida tena ya kukata miti, kuchoma mkaa na kukesha kwenye mivukuto ili kupata kile kilichouzwa dukani. Wahunzi waliendelea kufua, lakini walifua chuma cha wageni. Waliowahi kuyeyusha mawe katika ujana wao walikuwa wazee wachache.

Mwaka 1976 wazee hao waliombwa kufanya tena kazi hiyo. Pamoja na Schmidt alikuwapo Donald Avery, mtaalamu wa madini wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, aliyekuja na vyombo vya kupimia joto. Haikuwa sherehe ya kuigiza. Wazee hawakuwa wamelijenga tanuri tangu ujana wao, na majaribio ya kwanza hayakufaulu. Walibishana, walikumbushana, walibadili hili na lile, wakajaribu tena. Wako watu wanaoliona jambo hilo kuwa ni upungufu wa jaribio lenyewe. Mimi nafikiri ndilo lenye mafunzo kuliko yote, maana lilionyesha kwamba mfua chuma hakuwa mtu wa kurudia tu aliyoachiwa na baba yake. Alikuwa mtu wa kutafuta chanzo cha kosa na kulirekebisha, kama afanyavyo fundi yeyote.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Walichimba shimo la duara, wakalisiliba kwa udongo wa kichuguu, ambao hustahimili moto kuliko udongo wa kawaida. Ndani ya shimo walichoma matete ya kinamasini hadi yakawa meusi, yakalijaza shimo kama kitanda laini cha kaboni. Juu yake walijenga ukuta wa tanuri kwa mabonge ya mavi ya chuma ya zamani na udongo wa kichuguu, kimo chake kikizidi kifua cha mtu. Mabomba ya udongo wa kufinyanga yalipitishwa chini ya ukuta hadi ndani kabisa ya tanuri, na nje ya kila bomba aliketi mtu mwenye mivukuto. Mawe ya chuma yalikuwa yamekwisha kuokwa juu ya moto wa magogo yapate kukauka na kupasukapasuka. Yakapangwa pamoja na mkaa. Watu wakaanza kuvukuta kwa zamu na kwa nyimbo, saa baada ya saa.

Vyombo vya Avery vilionyesha joto lililozidi nyuzi 1800 za sentigredi mbele ya midomo ya mabomba. Watafiti walilinganisha na matanuri ya kale ya Ulaya ya aina hiyo, wakaona kwamba yale yalikuwa nyuma kwa nyuzi mia mbili hadi mia nne. Mavi yaliyoyeyuka yalidondoka katika kile kitanda cha matete, na kaboni ya matete ikanyonya oksijeni iliyobaki. Chuma kilichotoka kilikuwa bonge gumu lililochanganyika na taka, lakini ndani yake mlikuwa na sehemu za chuma cha pua, yaani chuma chenye kaboni kidogo, kilicho kigumu na chenye kushika makali. Mhunzi alilipasha moto bonge hilo na kulifua mara nyingi mpaka taka ikatoka.

Swali lililofuata ni kama watu wa kale nao walifanya hivyo, au kama ulikuwa ni ufundi wa juzi tu. Jibu lilitoka Kemondo, kwenye ghuba iliyo kusini ya mji wa Bukoba. Huko Schmidt na wenzake walifukua mashimo ya matanuri 13 ya kale, yenye umri wa miaka 1500 hadi 2000. Mavi ya chuma yaliyokuwamo yalikuwa na alama za matete, zimebaki zimechapwa katika mabonge kama alama ya jani katika matope makavu. Vipande vya mabomba ya udongo vilikuwa vimebadilika rangi kwa moto na kupakwa taka iliyoyeyuka kwa nje, dalili kwamba bomba lilikaa ndani ya tanuri na halikuishia ukutani. Vigae vilivyopatikana ni vya aina iitwayo Urewe, iliyopewa jina la mahali katika Kenya magharibi ilipotambuliwa mwanzo, na ambayo imeenea Rwanda, Burundi, Uganda na mashariki ya Kongo.

Mwaka 1978 Schmidt na Avery walitangaza matokeo yao katika jarida la Science la Marekani. Walidai kwamba kwa kuwa bomba lilikaa ndani ya moto, hewa iliyopita humo ilipashwa moto kabla ya kufika kwenye mkaa, na hiyo ndiyo siri ya joto kali. Ulaya, mtambo wa kupuliza hewa iliyopashwa moto uliandikishwa na James Beaumont Neilson wa Scotland mwaka 1828. Magazeti yalizipokea habari hizi kwa shangwe. Pakasemwa kwamba Waafrika waliitangulia Ulaya kwa miaka elfu moja na mia tano katika kutengeneza chuma cha pua, na maneno hayo bado yanarudiwa hata leo.

Hapa nawaomba walimu wenzangu tuwe waangalifu. Mwaka 1986 mtaalamu wa madini wa Kanada, J. E. Rehder, aliichambua hoja ya hewa kupashwa moto, akaonyesha kwa hesabu kwamba hewa hupita bombani kwa kasi, haipati nafasi ya kupata joto la kutosha. Wengine waliongeza kuwa joto la namna ile mbele ya mdomo wa bomba laweza kupatikana kwa mkaa mzuri na mivukuto yenye nguvu, hata hewa ikiwa baridi. Schmidt na Avery walimjibu kwa hoja na vipimo vyao. Ubishi huo haukumalizika kwa upande mmoja kumshinda mwingine, na wataalamu wengi leo hawaikubali hoja ya hewa iliyopashwa moto katika ukubwa wake wa mwanzo. Tena, hapo ilipolinganishwa Buhaya na Ulaya, China haikutajwa, ambako zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita walikuwa wakiyeyusha chuma hadi kikawa maji na kukimimina katika kalibu. Mwanafunzi akiambiwa kwamba Wahaya walishinda dunia nzima, kisha akasoma habari za China, atadhani kwamba yote aliyofundishwa juu ya Buhaya ni uongo. Na si uongo. Matanuri ya Kemondo yapo, matete yamechapwa katika mavi, na chuma cha pua kilitoka mbele ya macho ya watu.

Jambo la pili lililoonekana Kemondo haliwezi kupimwa kwa kipimajoto. Katika sakafu za baadhi ya matanuri mlikuwa na vijishimo vidogo vilivyochimbwa makusudi na kufukiwa kabla ya moto kuwashwa. Mhandisi peke yake angevipita. Lakini wazee wa 1976 nao waliweka dawa chini ya tanuri lao, na walieleza sababu: tanuri ni mwanamke, nalo lazaa chuma. Kwa hiyo wafua chuma walijitenga na wake zao siku za kazi, maana mwenye kutoka nje angeliharibu tumbo la tanuri. Schmidt na Bertram Mapunda, mwanachuoni Mtanzania, waliandika juu ya jambo hili mwaka 1997, wakitahadharisha kwamba mtu asichukue imani ya karne ya 20 na kuibandika tu juu ya shimo la miaka elfu mbili. Tahadhari hiyo ni ya lazima. Lakini si bure kwamba mikono iliyotengana kwa muda mrefu kiasi hicho imechimba shimo la namna moja mahali pamoja.

Mapunda mwenyewe alifanya kazi kubwa zaidi kusini, huko Ufipa, ambako yamesimama matanuri marefu yaitwayo malungu, yenye kuvuta hewa yenyewe bila mivukuto. Sharti tusidhani kwamba ufundi wa chuma wa Tanzania ulikuwa mmoja. Hata lugha zatuambia kwamba ni jambo la kale lililotawanyika: kitenzi chetu cha kufua chuma ni cha shina moja na neno la Kikikuyu muturi, yaani mhunzi, na shina hilo limeenea katika lugha nyingi za Kibantu.

Chuma kilikuwa na gharama yake. Kila tanuri lilikula mkaa mwingi, na mkaa ni msitu. Wataalamu wa mimea walipochunguza vipande vya mkaa wa matanuri, na chavua iliyozama katika matope ya ziwa, waliona kwamba msitu mnene wa magharibi ya ziwa ulipungua katika zama zilezile za wafua chuma na wakulima wa kwanza. Hatuwezi kuwabebesha wahunzi lawama yote, maana shoka walilolifua liliingia mikononi mwa mkulima, naye alifyeka zaidi yao. Lakini wale wanaotusimulia kwamba wahenga wetu hawakuwahi kuigusa ardhi isipokuwa kwa upole wangefanya vema kuutazama mkaa wa Kemondo.

Nimesema kwamba yote haya yalitegemea wazee wachache. Mkoa wa Ziwa Magharibi ulibadilishwa jina ukaitwa Kagera mwaka 1979, na miaka minne baadaye, mwaka 1983, ndipo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa katika mkoa huohuo. Ugonjwa ule ulichukua wazazi na vijana kwa makumi ya maelfu. Ulikata kamba ambayo kwayo babu humpa mjukuu maneno, kwa kuwa katikati yao hapakuwa na mtu. Schmidt alipoitwa kurudi Katuruka na wanakijiji wenyewe mwaka 2008, wengi wa wale waliomfundisha miaka ya mwanzo walikuwa wamekwisha kufariki dunia. Safari hii wanakijiji ndio waliokusanya habari, wakihoji jirani zao kwa lugha yao, na ndio waliotaka mahali pale palindwe na kuonyeshwa kwa wageni. Kitabu cha kazi hiyo kilitoka mwaka 2017.

Katika mahojiano hayo lilijitokeza jambo ambalo utafiti wa awali haukulitegemea. Habari nyingi za matambiko na za mahali patakatifu zilikuwa mikononi mwa wanawake, nao walizijua kwa undani. Schmidt amekiri kwamba katika safari zake za mwanzo aliwasikiliza zaidi wanaume, kwa kuwa ndio walioletwa mbele yake kama wenye kujua, na kwa kuwa chuma kilihesabiwa kuwa kazi ya wanaume. Wengine wa wanawake hao walikuwa wake na mabinti wa watu waliohojiwa mwaka 1969, wakiishi katika nyumba zilezile.